Gemu Unayoiunda kwa Mikono Yako

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu gemu. Namwomba mzazi asizime redio kwa kulisikia neno hilo, maana ninayotaka kuyasema yanamhusu yeye kwanza.

Ukipita jioni hapa Dar es Salaam, Mwananyamala, Tandale, Tandika au Mbagala Rangi Tatu, hukosi kukuta kibanda cha gemu. Televisheni mbili tatu zimepangwa ukutani, benchi limejaa, pedi zimelainika kwa kushikwa, na nyuma wamesimama vijana wanaosubiri zamu. Wanalipa kwa mechi. Wazazi wengi wanavichukia vibanda hivi, na wana haki: humo imepotea nauli ya daladala, hela ya daftari na saa za masomo. Sikuja kuvitetea.

Nimekuja kumsemea kijana mmoja aliyekaa kwenye benchi lile. Wenzake wanashangilia goli, yeye anajiuliza mchezaji yule anakimbiaje. Nani anaiambia picha isogee? Ndani ya kile kisanduku kuna nini? Kijana wa namna hiyo yupo karibu kila mtaa wa Kinondoni na Temeke. Mara nyingi tunamjumlisha na watoro, tunamfokea, na swali lake linafia pale pale bila jibu.

Leo kuna njia ya kumjibu. Aunde mashine yake mwenyewe ya gemu. Achukue kompyuta ndogo sana, kioo, vitufe, spika iliyotoka kwenye simu mbovu na betri. Avilehemu, avifunge kwenye boksi linaloenea mikononi, kisha apakie programu ya kuendesha gemu za miaka ya 1980 na 1990. Kijana aliyefanya hivyo atakuwa ameijua kompyuta kuanzia waya hadi programu. Na mimi nasema Dar es Salaam ina karibu kila kinachohitajika kumfikisha hapo. Kilichopungua ni kibali chetu sisi watu wazima.

Utaniuliza, kwa nini gemu za zamani, wakati mpya zipo na zinavutia zaidi? Jibu ni kwamba gemu ya zamani ni ndogo kiasi cha mtu mmoja kuielewa yote. Super Mario Bros. ilitoka mwaka 1985. Gemu nzima, pamoja na picha zake, muziki wake na ngazi zake zote, ni kilobaiti 40. Picha moja tu unayomtumia shangazi kwa WhatsApp kwa kawaida huzidi hapo. Gemu ya mpira ya siku hizi imeundwa na mamia ya watu na hakuna hata mmoja wao anayeijua yote. Ile ya zamani, mwanafunzi wa sekondari mwenye subira anaweza kuifuatilia mwanzo hadi mwisho.

Sisi wa Tanzania Bara tuna historia ya pekee na mashine hizi. Famicom ya kampuni ya Nintendo ilianza kuuzwa Japani Julai 1983. Mwaka huo Bara hatukuwa na kituo cha televisheni. Isitoshe, tangu mwaka 1974 serikali ilikuwa imezuia uingizaji wa kompyuta, na televisheni zikawekwa katika zuio hilo hilo. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa wakiangalia televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Bara tulisubiri hadi 1994, vituo vya kwanza vya binafsi vilipoanza kurusha matangazo.

Kwa hiyo gemu iliyokuwa mpya Tokyo ilitufikia Dar es Salaam miaka mingi baadaye. Ilipitia Kariakoo, na mara nyingi haikuwa Famicom yenyewe bali nakala yake kutoka viwanda vya Asia. Waliokuwa watoto wakati ule wanazikumbuka. Kaseti imeandikwa kwamba ina maelfu ya gemu, ukiichomeka unakuta chache zinajirudia kwa majina mengine. Kulikuwa na bastola ya kuwalenga bata, ambayo inafanya kazi kwenye televisheni zile nene za kioo tu, kwa sababu inategemea namna mwanga ulivyokuwa ukipita kwenye kioo chake.

Na wapo walioichukua bisibisi wakaifungua nakala ile wapate kujua. Wakakuta bodi ndogo, na katikati yake tone gumu la gundi nyeusi limeifunika chipu. Hakuna jina la kusoma, hakuna kitu cha kubadili. Udadisi wao uliishia kwenye gundi ile. Simu janja alizonazo mtoto wa leo hazikuboresha hali hii. Zina nguvu kupita kiasi, lakini zimefungwa, na mtoto anaambiwa aguse kioo, basi. Ndani haingii.

Tatizo hili halikuwa la Dar es Salaam peke yake. Katika mji wa Cambridge, Uingereza, wahandisi na walimu wa chuo kikuu, akiwemo Eben Upton, waliona kwamba wanafunzi wanaoomba kusoma sayansi ya kompyuta wanapungua, na wanaokuja hawajawahi kuichezea kompyuta kwa undani kama kizazi kilichowatangulia. Wakaanzisha taasisi ya hisani, Raspberry Pi Foundation, na tarehe 29 Februari 2012 ikaanza kuuzwa kompyuta ya bodi moja kwa dola 35. Novemba 2015 wakatoa ndogo zaidi iitwayo Zero, kwa dola 5. Ilikuwa rahisi kiasi kwamba waliibandika kwenye jalada la jarida lao na msomaji akaipata humo humo. Oktoba 2021 ikaja Zero 2 W, yenye prosesa ya viini vinne na Wi-Fi, kwa dola 15.

Hizo zilikuwa bei za mtengenezaji zilipotoka. Mpaka ifike mkononi mwa kijana wa Yombo, kuna usafiri, kuna ushuru, na kuna faida ya muuzaji. Hata hivyo, inabaki kuwa kompyuta kamili ambayo kikundi cha marafiki kinaweza kuchangishana kuinunua. Kwa umbo ina urefu wa milimita 65 na upana wa milimita 30. Inakula umeme kidogo mno, na ndiyo maana wilayani Karatu, mkoani Arusha, mradi wa Powering Potential umeweza kuweka maabara za kompyuta za familia hii katika shule za sekondari na kuziendesha kwa umeme wa jua.

Sasa tuingie ndani yake, maana hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Kompyuta hii inawezaje kuendesha gemu iliyoandikwa kwa ajili ya mashine nyingine kabisa?

Prosesa ya Famicom ilitokana na chipu iitwayo 6502, iliyotolewa mwaka 1975 na kampuni ya Marekani, MOS Technology. Chipu hii inajua maagizo ya aina 56 tu, na yote ni mepesi. Chukua namba hii. Ijumlishe na ile. Iweke mahali fulani. Ikiwa jibu ni sifuri, rukia agizo fulani. Mario akiruka, maadui wakitembea, muziki ukilia, chini yake ni maagizo hayo 56 yakipishana kwa kasi.

Programu inayoigiza mashine ya zamani huitwa emuleta. Emuleta husoma agizo la kwanza la gemu, huangalia ni lipi katika yale 56, hulitekeleza kwa njia yake, huandika matokeo, kisha hushika la pili. Inafanya hivyo bila kupumzika, na mara 60 kwa sekunde inachora picha mpya kwenye kioo. Prosesa ya Famicom ilikwenda kwa megahezi 1.79. Zero inakwenda kwa megahezi 1,000. Famicom ilikuwa na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kazi. Zero ina megabaiti 512, yaani zaidi ya mara 260,000. Nafasi ya kuigiza ipo tele.

Kuna undugu hapa ambao hunifurahisha kila ninapoufikiria. Chipu ile ile ya 6502 ndiyo iliyokuwa ndani ya BBC Micro, kompyuta ya mwaka 1981 iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn, huko huko Cambridge. Ilitengenezwa kwa ajili ya mradi wa shirika la utangazaji la BBC wa kuwafundisha wananchi kompyuta. Baadaye wahandisi wa Acorn, Sophie Wilson na Steve Furber, wakabuni prosesa yao wenyewe, ARM, iliyofanya kazi kwa mara ya kwanza mwaka 1985. ARM ndiyo iliyomo kwenye simu yako, na ndiyo iliyomo kwenye Raspberry Pi. Basi Zero inapoendesha Mario, ni mjukuu anayeigiza mwendo wa babu yake.

Tuje kwenye kuunda. Nataka msikilizaji aone kwamba hakuna hatua hata moja iliyo ngeni kwa mafundi wetu.

Tuanze na kioo. Kuna vioo vidogo vya inchi 2.8 au 3.5 vilivyotengenezwa kuchomekwa kwenye pini za kompyuta hii. Lakini kuna njia nyingine inayofaa sana jiji letu. Magari mengi yanayoingia Dar es Salaam yametumika Japani, na maduka ya vifaa vya magari huuza vioo vya kamera ya nyuma. Zero ina sehemu mbili ndogo zinazotoa picha kwa mfumo wa televisheni za zamani, na kioo cha gari kinaipokea picha hiyo kwa waya mbili. Tahadhari ni moja: vingi vya vioo hivyo vinataka volti 12 za gari, na vingine tu ndivyo vinavyoweza kurekebishwa vitumie volti 5. Kwa hiyo mita ishikwe kabla ya chuma cha kulehemu.

Vitufe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Zero ina pini 40. Kitufe kina miguu miwili, mmoja unakwenda kwenye hasi na mwingine kwenye pini yake. Ukibonyeza, pini inashuka hadi volti sifuri, programu inajua umebonyeza. Mishale minne, vitufe vinne vya kulia, viwili vya juu, cha kuanzia na cha kuchagua, jumla 12. Kijana aliyewahi kufungua pedi mbovu ya kibandani ameshaviona vyote, na anaweza kuutumia mpira wake na plastiki zake.

Sauti inadai akili kidogo, kwa sababu Zero haina tundu la kuchomeka spika. Sauti inatolewa kwenye pini, inapitishwa kwenye rezista na kapasita ili isafishike, kisha inaingia kwenye amplifaya ndogo na kutokea kwenye spika ya simu. Mzee yeyote aliyekuwa fundi redio hapa mjini ataitambua saketi hiyo kwa kuiangalia mara moja. Huo ni ujuzi wake wa miaka mingi, na kijana wa leo anauhitaji.

Umeme ndio unaotaka heshima kubwa. Betri ya laptopu ya zamani ikisemekana imekufa, mara nyingi zilizokufa ni seli moja au mbili, na zilizobaki ni nzima. Seli zile za duara zina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, urefu ule ule wa Zero, kwa hiyo zinalala sambamba ndani ya boksi kama zilipimwa pamoja. Seli moja hutoa volti 3.7, kompyuta inataka 5, kwa hiyo inawekwa bodi ndogo ya kupandisha volti. Wengine huchukua bodi ya pawabenki, ambayo inachaji na kupandisha volti kwa pamoja.

Hapa mwalimu wa fizikia anaweza kuingiza somo zima. Seli ya miliampea-saa 2,000 kwa volti 3.7 ina wati-saa 7.4. Mashine ikila wati 2, kwa hesabu ya karatasi itakaa saa 3 na dakika 42. Toa kinachopotea kwenye kupandisha volti, unabaki na kama saa 3. Mwanafunzi aliyekariri kwamba nguvu ni mkondo mara volti, sasa anaishika kanuni hiyo mkononi, na akikosea hesabu mashine inamzimikia katikati ya mchezo.

Lakini nasema kwa msisitizo, na mzazi anisikie: betri za lithiamu si za kufanyia majaribio ovyo. Zisichajiwe kupita volti 4.2. Zisipondwe, zisitobolewe, zisigusanishwe hasi na chanya, zisichomwe kwa chuma cha moto kwa muda mrefu. Lazima kuwe na bodi ya kuchajia yenye kinga. Zisichajiwe chini ya mto wala juu ya godoro. Asiye na mita, na asiye na mtu mzima anayejua, aanze na pawabenki nzima iliyofungwa, aunganishe kwa waya wake wa USB. Atacheza vilevile, na nyumba itakuwa salama.

Boksi nalo. Ughaibuni wengi huchapisha boksi kwa printa ya pande tatu. Sisi tuna Keko. Palipo na mafundi seremala wengi kiasi kile, vipande vya mbao vinavyobaki baada ya kitanda au kabati vinatosha kabisa kwa boksi la mashine ya mkononi. Liwe na matundu ya hewa, maana Zero inapofika nyuzi joto 80 hivi hujipunguza kasi yenyewe, na Februari ya Dar es Salaam haina huruma. Na kwa sisi wa pwani, viungo vilivyolehemiwa visafishwe vizuri na vikauke, kwa sababu hewa yenye chumvi hula shaba.

Mwisho ni programu. RetroPie, ambayo ni mkusanyiko wa emuleta nyingi zenye menyu moja, inapatikana bure kwenye intaneti. Ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo vijana wafanye kama wanavyofanya siku zote: mmoja mwenye bando anapakua, wengine wanakopi. Inaandikwa kwenye memori kadi, kadi inachomekwa, mashine inawaka. Na hapo kijana anakutana na Linux, mfumo ule ule unaoendesha sehemu kubwa ya kompyuta za intaneti duniani. Atajifunza kuzima mashine kwa utaratibu kabla ya kukata umeme, la sivyo mafaili ya kadi yanaweza kuharibika. Atajifunza kutengeneza faili la mipangilio, kutafuta kosa, kujaribu tena. Hizo ndizo kazi za kila siku za watu wanaolipwa mishahara kwa ajili ya kompyuta.

Nani atamwongoza? Fundi simu wa mtaani kwake anaweza kuanza. Fundi huyu hatumpi hadhi anayostahili. Ana mita, ana blowa, ana chuma cha kulehemu chenye ncha ya sindano, anabadilisha chipu ambazo macho ya kawaida hayazioni. Kinachompungukia kwa kawaida ni upande wa programu, na huko ndiko mwanafunzi anakoweza kumlipa fadhila. Upande wa Temeke kuna chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, ambako ufundi wa umeme hufundishwa kwa utaratibu. Upande wa Kinondoni kuna Kijitonyama, pale Sayansi, kwenye jengo la COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambako Buni Hub imekuwa kituo cha vijana wabunifu. Kijana wa Tandale anaweza kufika pale kwa miguu.

Na nikisema kijana, namaanisha binti pia, tena hasa binti. Kibanda cha gemu ni mahali pa wavulana. Msichana akikaa pale watu wanamsema. Kwa hiyo udadisi wake juu ya mashine hizi haukupewa hata benchi. Mashine inayoundwa nyumbani au shuleni inamfungulia. Hapa Dar es Salaam, shirika la Apps and Girls wamekuwa wakiwafundisha wasichana kuandika programu, na wameonyesha kwamba tatizo halikuwa kichwa cha binti bali nafasi aliyonyimwa.

Kuna jambo lazima tuliseme wazi. Emuleta kwa ujumla ni halali, na nyingi ni za bure. Gemu zenyewe zina wenyewe. Kuwa kwake ya mwaka 1985 hakuifanyi gemu kuwa mali ya kila mtu. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sisi tuliolia na wasanii wetu wa Bongo Fleva na filamu, kazi zao zikinakiliwa na kuuzwa barabarani bila wao kupata senti, hatuwezi kuwafundisha watoto kwamba jasho la Mjapani ni la bure. Ziko gemu nzuri ambazo watunzi wake wenyewe wameruhusu zichezwe bure, zikiwemo mpya zinazoandikwa leo kwa ajili ya mashine za zamani. Kijana aanze na hizo.

Kisha avuke, aandike ya kwake. Hapa ndipo ninapotaka tufike, na nina gemu ya kumpendekezea: bao.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Lina mashimo yenye majina yake, nyumba, kichwa na kimbi, na lina hatua mbili za mchezo, namua na mtaji. Mwalimu Nyerere alilipenda. Wazee wa Magomeni na Temeke wanalicheza barazani kwa haraka kiasi kwamba mgeni hawezi kuzifuata kete kwa macho. Ni mchezo mzito wa hesabu, na vijana wengi wa mjini hawaujui tena.

Sasa tazama. Kioo cha Game Boy, mashine ya mkononi ya Nintendo ya mwaka 1989, kilikuwa na nukta 160 kwa upana na 144 kwa urefu. Gawanya 160 kwa mashimo manane, unapata 20 bila baki. Kila shimo linapata mraba wa nukta 20 kwa 20. Safu nne zinachukua nukta 80 kwenda chini. Zinabaki nukta 64 za kuandika majina ya wachezaji, kete zilizobaki mkononi na zamu ya nani. Kumbukumbu inayohitajika kwa mashimo yote ni baiti 32, na mashine ile ilikuwa na kilobaiti 8. Bao lingetosha kwenye Game Boy tangu siku ya kwanza ilipotoka kiwandani. Kilichokosekana ni mtu anayelijua bao na anayeijua mashine.

Mtu huyo anaweza kuwa mwanafunzi wa Tandika au Kawe. Kusambaza kete ni kuhesabu na kuzunguka, jambo ambalo programu hulifanya vizuri. Lakini kabla ya kuandika mstari wa kwanza itabidi aende barazani, akae na babu, aulize: kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, na shimo la mbele la mpinzani lina kete, nafanyaje? Nyumba ikiwa bado inamilikiwa, naruhusiwa kulala, yaani kumaliza zamu, au lazima niendelee? Kompyuta haikubali jibu la "utaona mbele ya safari." Inataka kanuni zote, hadi ya mwisho. Kwa hiyo kijana atalijua bao kwa undani kuliko rika lake lote, na babu atagundua kwamba elimu yake ya barazani ina kazi katika karne hii. Siku mashine ya mkononi itakapowashwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto na kioo kikaonyesha mashimo 32 badala ya Mario, hapo tutakuwa tumeacha kuwa wateja tu wa gemu za wengine.

Najua mzazi bado ana swali: je, mtoto hataishia kucheza tu? Atacheza, ndiyo. Lakini mtoto anayelipa kibandani, kila shilingi anayotoa inamwachia mechi moja iliyokwisha. Anayeunda, kila shilingi imemwachia kifaa na ujuzi wa kukitengeneza kikiharibika. Mzazi awe na masharti yake: saa za masomo ziheshimiwe, betri ichajiwe sebuleni, na kila kipande anachoomba kununuliwa akieleze kwanza kinafanya kazi gani. Sharti hilo la mwisho ni mtihani mzuri kuliko mingi inayotungwa.

Na nina pendekezo kwa wenzangu wa redio. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 walikaa katika vikundi, vijijini na mitaani, wakasikiliza Radio Tanzania pamoja, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kusafisha visima. Siri yake ilikuwa kikundi, kiongozi aliyepewa mafunzo, na kazi ya mikono baada ya kipindi. Mfumo ule haukuwa na intaneti, na ulifanya kazi. Kwa nini tusiufufue kwa kompyuta? Kikundi cha watoto wanane, bodi moja, fundi simu mmoja, mwalimu mmoja wa fizikia, na kipindi kimoja cha redio kwa juma kinachosema leo tunafanya vitufe, juma lijalo sauti, litakalofuata betri. Waingereza walifanya ya kwao kwa BBC Micro, na matunda yake ni prosesa iliyomo kwenye simu za dunia nzima. Kampeni yetu ya vikundi vya redio iliutangulia mradi wao huo.

Basi naomba mambo matatu. Fundi simu, mtoto akija dirishani kwako na bodi ndogo akiomba kuelekezwa kulehemu, usimfukuze. Mpe kiti na mwonyeshe. Mwalimu wa fizikia, ruhusu mashine hii iwe kazi ya mradi darasani, na uipe alama. Na wewe mzazi, leo usiku mwulize mwanao swali hili moja: ungependa kucheza gemu, au kujua inavyotengenezwa? Akichagua la pili, tayari una mwanafunzi nyumbani, na kesho mtafute kompyuta hiyo ndogo pamoja.